Bega likichomoka usimpe mshkaji mkono avute

Juzi nimesimama golini tena, miezi tisa tangu bega langu lishonwe, na nikapangua penati ya upande uleule ulionitesa. Nimeona niandike, maana najua kuna wenzangu wanaumwa hivihivi na wanaambiwa wanajidekeza.

Iko hivi. Niliruka kudaka, nikaangukia mkono ulionyooka, bega likachomoka. Mshkaji wa timu akaniwekea mguu ubavuni akavuta, likarudi kwa mlio ambao nikiukumbuka mpaka leo nasisimka. Wiki mbili tu nikarudi mazoezini, najiona mwanaume.

Likaanza kulia ka! kila nikiinua mkono. Siku moja navua shati tu, likachomoka tena. Eksirei ikaonyesha mifupa mizima, nikapewa dawa za maumivu, kocha akasema nimeingiwa na woga. Hilo la kocha linaniuma kuliko bega lenyewe.

Sasa sikilizeni, eksirei haionyeshi gegedu, ile tishu ngumu inayonyumbulika kwenye viungo. Bega ni mpira mkubwa uliokaa kwenye kisahani kisicho na kina, na kinachokiongezea kina ni pete ya gegedu pale ukingoni. Likichomokea mbele, mara nyingi pete inabanduka chini kwa mbele, madaktari wanaita Bankart. Ikichanika juu, pale inaposhika kano ya msuli wa mbele wa mkono, hiyo ni SLAP, inawasumbua sana wanaorusha mipira. Yangu ilionekana kwa MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha hata sehemu laini, tena ile unayochomwa dawa kwanza ndani ya kiungo.

Na sio kila mchaniko ni kisu jamani. Wengi wanapata nafuu kwa fizio, yaani mazoezi ya tiba, kuimarisha ile misuli minne inayoshikilia bega, na watu wazima wengine wana michaniko kwenye picha na hawasikii kitu, kwa hiyo usikubali kupasuliwa kwa ajili ya picha tu. Ila kama wewe ni kijana, unacheza, na linachomoka-chomoka, muone daktari wa mifupa mapema, maana kila likichomoka linazidi kuharibu.

Mimi nilitobolewa vitundu, kamera ikaingia, pete ikashonewa kwenye mfupa kwa vinanga vyenye uzi. Wiki sita mkono umefungwa shingoni, nalala nimeegemea mito. Zoezi la kwanza lilikuwa kuinama na kuuacha mkono uning'inie ubembee wenyewe, basi. Mimi wa pushapu hamsini! Nililia. Miezi iliyofuata siisimulii, ni kuvuta mpira wa mazoezi asubuhi na jioni.

Likichomoka, mkono ufungwe ulivyo, nenda hospitali walirudishe wao, kwapani pale kuna mishipa ya damu na ya fahamu. Yule mshkaji wangu bado anavuta watu, juzi alishamshika dogo mmoja kifundo cha mkono, nikamfokea mpaka mechi ikasimama, na kaninunia hadi leo.