Swali la lugha: "Heri ya Ijumaa Kuu" ni sawa?

SWALI: Nauza vitambaa hapa Ngamiani, Tanga. Jirani yangu wa mlango wa pili ni Mkristo, na hakuna Idi inayopita bila yeye kuniletea salamu. Pasaka iliyopita nikaona nimtangulie, nikamwandikia kwenye simu: "Heri ya sikukuu ya Ijumaa Kuu." Binti yangu akasema nimekosea: Ijumaa Kuu haitakiwi heri, na wala si sikukuu. Tena akanisahihisha tangazo la duka, nilipoandika "Idi ya mfungo mosi", akidai ni "mfunguo". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mama, binti yako amepatia mawili, nawe umepatia moja.

Lako ni "sikukuu". Neno hili, ambalo kwa maana hii huandikwa pamoja, halidai furaha. Ni siku yenye ukuu, basi. Hiyo "-kuu" ndiyo tuliyo nayo katika barabara kuu na katibu mkuu. Wakristo wana Juma Kuu, lenye Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu ndani yake, na si wiki ya shangwe hata kidogo. Serikali nayo imeiweka Ijumaa Kuu miongoni mwa sikukuu za nchi pamoja na Idi, Maulidi, Mei Mosi na Nane Nane. Naelewa alikokwama binti yako. Mtoto wa Tanga hukua akisikia "nguo za sikukuu" na "nipe sikukuu yangu", akinyoosha mkono apewe chochote, na neno likamkalia kichwani na harufu ya pilau. Hayo ni matumizi yake mazuri, lakini si maana yake yote. Ningekushauri tu useme "Ijumaa Kuu" bila kutanguliza "sikukuu", maana "kuu" mbili zikifuatana zinagongana masikioni.

Kwenye "heri" nakubaliana na binti. Kisarufi hakuna kosa, ila adabu ya lugha haiishii kwenye sarufi. Tunasema "Heri ya Krismasi" kwa kuwa kuna kuzaliwa, "Heri ya Pasaka" kwa kuwa kuna kufufuka, "Heri ya Idi" kwa kuwa mtu amemaliza mwezi wa saumu. Ijumaa Kuu Wakristo wanakumbuka mateso na kifo cha Yesu. Wakatoliki hufunga siku hiyo, hawali nyama, na hakuna misa inayoadhimishwa. Wanakwenda kwenye ibada ya kuuabudu msalaba. Mtu aliye katika hali hiyo ukimwambia "heri" ni kama umemfikia kabla hajawa tayari. Mwandikie: "Nakutakieni ibada njema ya Ijumaa Kuu." Heri yako ihifadhi mpaka Jumapili. Na usiache kumwandikia kwa kuogopa kukosea. Nia yako naamini aliiona.

Jambo hili linagusa sikukuu za kitaifa pia, na hapo ndipo matangazo yetu yanaponiumiza. Kila Oktoba naona yameandikwa "tunasherehekea kumbukumbu ya kifo cha Baba wa Taifa". Mwalimu Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Kifo hakisherehekewi. Kitenzi kinachofaa ni "kuadhimisha", au "kukumbuka" peke yake. "Kuadhimisha" kunatokana na "adhimu", yaani -enye ukuu, kwa hiyo kitenzi hiki ni ndugu wa "sikukuu" kwa maana: kinabeba Uhuru wa tarehe 9 Desemba, kinabeba pia tarehe 7 Aprili, siku aliyouawa Mzee Karume mwaka 1972. Kinachochanganya watu ni kwamba tarehe 14 Oktoba huwa pia kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru, na kilele kina sherehe zake. Basi sema "sherehe za kilele cha Mwenge" na "kumbukumbu ya Baba wa Taifa", kila jambo na neno lake. Kalenda ya ibada ya Kanisa Katoliki imeyapanga maneno haya kwa ngazi kabisa: Sherehe ndiyo ya juu, kisha Sikukuu, kisha Kumbukumbu. Krismasi huko ni Sherehe. Tarehe 26 Desemba ni Sikukuu ya Mtakatifu Stefano.

Itazame tarehe 7 Aprili 2023. Ilikuwa Ijumaa Kuu, ilikuwa Siku ya Karume, na Waislamu walikuwa katikati ya Ramadhani. Nchi nzima ilipumzika, na karibu kila nyumba ilikuwa na sababu ya utulivu. Kitenzi "kusherehekea" kisingepata pa kukaa siku ile.

Sasa mfunguo. Mfungo ni kule kufunga kwenyewe: mfungo wa Ramadhani, mfungo wa Kwaresima. Mfunguo unatoka kwenye kufungua, na ndio jina la miezi inayohesabiwa baada ya Ramadhani kwisha. Shawwali ni Mfunguo Mosi, unaofuata ni Mfunguo Pili, na hesabu inakwenda hivyo hadi Mfunguo Tisa, ndipo waingie Rajabu, Shaabani, na Ramadhani tena. Idi ndogo iko Mfunguo Mosi, Idi kubwa iko tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, na Maulidi yako Mfunguo Sita. Mitaani utasikia sana "maulidi ya mfungo sita". Mdomo umeimeza ile "u", na simlaumu anayeongea hivyo barazani. Kwenye maandishi irudishe, kwa sababu bila hiyo Idi yako inasomeka kama iko ndani ya saumu. Hesabu hii ni mali ya Waswahili wenyewe, na inanisikitisha kuona vijana wanaijua Shawwali ya kwenye simu lakini Mfunguo Mosi hawaujui.

Hukuuliza kuhusu mwezi, ila tangazo lako litauhitaji. Mwezi *huandama*. Kwa Idi ndogo andika "kutegemea kuandama kwa mwezi", kwa kuwa habari hujulikana usiku wa kuamkia. Kwa Idi kubwa maneno hayo hayahitajiki ukibandika tangazo siku chache kabla, kwani mwezi wa Mfunguo Tatu unakuwa umeshaandama na tarehe inajulikana. Tangazo la Idi ndogo liwe hivi: "Duka litafungwa Idi Mosi na Idi Pili, kutegemea kuandama kwa mwezi. Tutafungua siku inayofuata, saa mbili asubuhi. Idi njema."