Unapoanza masta na moyo unakwambia hufai

Wiki za kwanza za masta ni ngumu, na si kwa sababu ya masomo, maana masomo yenyewe yanakuwa bado hayajakolea. Kinachochosha ni lile wazo linalokuja kila ukitoka oditwari, ukumbi wa mihadhara: niliingia hapa kwa bahati, wenzangu wamenizidi mbali, siku si nyingi profesa atanigundua. Naandika kwa ajili ya wadogo zangu wanaojiandaa kuanza hapa Lubumbashi, na kwa yule ambaye ameshaanza na kila asubuhi anajivuta kurudi. Nimelipita wazo hilo, lilikaa nami muda mrefu kuliko nilivyotaka, na leo nasaidia wanaoingia. Naliona likiwapata hata waliotoka licence, yaani shahada ya kwanza, na alama za juu kabisa. Pengine wao ndio linawabana zaidi.

Sababu yake naiona hivi. Miaka yote ya licence ulipimwa kwa kujua. Mwalimu ana silabusi, wewe unaikariri, mtihani unauliza kilichoandikwa humo, na aliyejua zaidi ndiye anayepita vizuri. Umekua ukiamini kwamba kutojua ni aibu. Halafu unaingia masta na unapelekwa mahali ambapo jibu halimo kwenye silabusi ya mtu yeyote. Unamuuliza profesa, "Shaba iliyo katika udongo wa bustani hii itaingia kiasi gani kwenye majani ya mboga ya lengalenga?" naye anakujibu, "Nenda ukapime." Aliyezoea kupewa jibu, akiambiwa hivyo, anadhani amekosa kitu ambacho wengine wanacho. Hajakosa kitu. Ameingia kwenye kazi yenyewe.

Nitumie mfano wa kazi yangu, kwa kuwa ndiyo iliyonifungua macho. Mimi ni mtu wa kilimo, nashughulika na udongo. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha mji huu kilianza kazi mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa, na kwa miaka mingi moshi wake ulibebwa na upepo ambao hapa mara nyingi hutoka kusini mashariki kwenda kaskazini magharibi, upande wa Penga-Penga. Kilichokuwa ndani ya moshi kilitua juu ya udongo, na juu ya udongo huo watu wanaishi na kulima mboga.

Nilipoanza kusoma makala za zamani kuhusu mimea ya shaba ya Katanga, nilizisoma kama mtu anayesoma amri. Kuna ule mmea mdogo wa maua ya zambarau ambao wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense, ndio watu wengi wanaujua kama ua la shaba kwa sababu huota kwa wingi penye shaba. Katika miaka ya 1970 na 1980 maandishi ya kisayansi yaliutaja, pamoja na mimea mingine mingi ya huku, kuwa unakusanya shaba kwa kiwango cha ajabu, zaidi ya miligramu 1,000 katika kila kilo ya majani makavu. Zilikuwa namba zilizochapishwa, tena na watu wenye majina makubwa. Mimi ni nani nizitilie shaka?

Kumbe kuna waliozitilia. Mwaka 2007 Michel-Pierre Faucon, Mylor Shutcha na Pierre Meerts walitoa matokeo ya kupima upya mimea ya aina hiyo, safari hii wakiwa waangalifu sana na jambo ambalo mama yeyote jikoni anafanya bila kufundishwa: kuosha majani. Vipimo walivyopata vilikuwa chini sana kuliko vile vilivyozoeleka, na sehemu ya tofauti ilitokana na vumbi. Shaba nyingine haikuwa ndani ya jani, ilikuwa imekaa juu yake. Na Shutcha ni mtu wa hapa, wa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Niliposoma makala hiyo, nilikaa nayo jioni nzima. Watu wale walikuwa na shaka kama mimi, ila wao hawakulielekeza kwao wenyewe. Hawakuuliza "je, mimi ninafaa?" Waliuliza "je, jani hili lilioshwa?" Swali la kwanza huwezi kulipima na chombo chochote, utalizungusha kichwani mpaka alfajiri. La pili unalipeleka kwenye maji, kwenye mizani, kwenye maabara, na jioni umepata kitu mkononi. Tangu hapo ushauri wangu kwa kila anayenijia akisema hajiamini ni huohuo: niambie una shaka na nini hasa. Si na nani. Na nini.

Ukimbana mtu kwa upole namna hiyo, mara nyingi shaka lile kubwa linavunjika vipande, na vingi vina majina ya kawaida kabisa. Mmoja ataniambia, "Sielewi takwimu." Mwingine, "Makala zote ziko kwa Kiingereza na mimi nimesoma kwa Kifaransa." Mwingine hajawahi kushika kipima pH, chombo cha kupima uchachu wa udongo, na anaogopa kukigusa mbele ya wenzake. Hayo si dalili za kutofaa. Ni vitu ambavyo hakufundishwa, na vinafundishika. Kipima pH unakielewa kwa asubuhi moja: unakirekebisha kwanza kwenye vimiminika viwili ambavyo pH yake inajulikana, kimoja cha 4 na kimoja cha 7, unasuuza kwa maji safi, ndipo unapima cha kwako. Udongo unaukausha kivulini, unauchekecha kwa chekecheke ya milimita 2, unaandika namba kwenye mfuko kabla hujaufunga. Mwombe asistenti akuonyeshe mara moja, kisha umfanyie yeye akikuangalia.

Kiingereza kinachukua muda zaidi, lakini nacho kina mlango wake. Usianze makala kutoka mstari wa kwanza ukiwa na kamusi, utachoka kabla ya kufika popote. Anza na picha na majedwali. Soma maelezo yaliyo chini ya kila mchoro, jiulize walipima nini na kiko wapi kilichobadilika, kisha nenda kwenye sehemu inayoeleza walivyofanya kazi. Maneno ya fani yako hayazidi mia chache, na yanajirudia kila makala. Utangulizi usome mwisho. Hata wanaojua Kiingereza vizuri husoma hivi.

Na kuna lugha ya tatu ambayo wengi wetu tunaiacha nje ya lango la kampasi. Nyumbani tunaongea Kiswahili, semina ni Kifaransa, makala ni Kiingereza, na mtu anajiona mzito wa akili kumbe anabeba lugha tatu kwa siku moja. Kabla hujaandika mradi wako kwa Kifaransa, ueleze kwa Kiswahili kwa mtu ambaye hajasoma fani yako. Mimi nilimweleza mama mmoja anayelima lengalenga, huku yeye akiendelea kufunga mafungu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Sasa mwanangu, nikiziosha mara mbili, ile sumu inatoka, ao iko ndani?" Lilikuwa ndilo swali lenyewe, lile ambalo watafiti walilifanyia kazi, na yeye alilifikia kutokana na beseni lake. Nilimjibu, "Mama, sijui bado, ndiyo ninayoitafuta." Sikuona aibu kulitamka. Mbele yake, kutojua kulikuwa ni kazi niliyotumwa. Nikaligeuza swali lake kuwa sehemu ya memwari, tasnifu yangu ya masta: nusu ya kila fungu naosha, nusu siioshi, kisha napima zote mbili.

Lakini si kila shaka ni la kitu. Jingine limepandwa na watu, na hilo nalo lisemwe wazi. Nilipowasilisha mpango wangu wa utafiti kwa mara ya kwanza, mmoja wa waliokaa mbele aliniuliza, kabla hajauliza lolote kuhusu udongo, kama nina uhakika nitamaliza kabla sijaolewa. Chumba kizima kilinyamaza. Ukiambiwa neno kama hilo ukarudi nyumbani ukijiona huwezi, tafadhali usiseme tatizo ni kwamba hujiamini. Umeambiwa hufai, na mwili umesikia. Mweleze mtu unayemwamini, kisha rudi kwenye maelezo yaliyohusu kazi, kama yalikuwepo, uyaandike peke yake kwenye karatasi nyingine. Hayo mengine yaache kwa aliyeyasema.

Vivyo hivyo na shida zetu za kila siku. Umeme ukikatika usiku mzima, kompyuta ikiwa ya kuazima, pesa ya intaneti ikiisha kabla makala haijamaliza kushuka, utabaki nyuma. Kubaki nyuma kwa sababu hizo si kipimo cha akili. Nasema hili kwa nguvu kwa sababu nimeona vijana wenye vipaji wakijihukumu kwa makosa ya mitambo.

Wengi wetu pia ni wa kwanza katika familia kufika hapa. Nchi yenyewe haina muda mrefu katika jambo hili: Thomas Kanza alipata shahada yake Louvain mwaka 1956, akiwa mlei wa kwanza wa Kongo kumaliza chuo kikuu, na hata uhuru ulipofika mwaka 1960 wahitimu Wakongo walikuwa wa kuhesabika. Chuo chetu cha Lubumbashi nacho kilianza mwaka huohuo wa 1956, na kabla ya hapo hapakuwa na chuo kikuu katika mji huu. Kwa hiyo ukikosa mtu nyumbani wa kukueleza jinsi mwaka wa kwanza wa masta unavyokuwa, ni kwa sababu babu yako hakupewa nafasi ya kuuona. Baba anakuuliza, "Utamaliza lini?" kwa upendo, nawe unasikia lawama. Mwambie ukweli kwa kadiri unavyoujua: kozi zinaisha wakati fulani, utafiti unafuata, utetezi baada ya hapo. Wazazi wanaweza kubeba jibu refu kuliko tunavyodhani.

Wakati fulani nilijifikiria kuwa nimechelewa, maana nilifundisha sekondari kwanza na wenzangu wengi walikuwa wadogo kwangu. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ndiye aliyenikumbusha habari za daktari Denis Mukwege wa Bukavu. Alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, dunia nzima ikamjua kwa kazi yake ya kutibu wanawake waliobakwa, na bado Septemba 2015, akiwa na miaka 60, alisimama mbele ya majaji wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels kutetea tasnifu ya shahada ya uzamivu (PhD). Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 2018. Mtu ambaye wengine walisafiri kwenda kujifunza kwake alikubali kuulizwa maswali kama mwanafunzi.

Hali hii ya kujiona hufai ina jina katika saikolojia, kwa Kiingereza "impostor phenomenon", na lilitolewa mwaka 1978 na Wamarekani wawili, Pauline Clance na Suzanne Imes, walioandika kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliofaulu vizuri katika masomo na kazi lakini kwa ndani wakijiona wadanganyifu ambao siku moja watafichuliwa. Baadaye ilionekana kwa wanaume pia. Ninachokithamini zaidi katika maandishi yao ni ushauri wa kikundi: mtu akimsikia mwenzake mwenye uwezo akiyadharau mafanikio yake mwenyewe, anaona mara moja jinsi maneno yale yasivyo ya kweli, na hapo ndipo anaanza kuyashuku ya kwake. Peke yako huwezi kuyasikia hivyo.

Kama usingizi umekata kwa wiki nyingi, chakula hakishuki, au unawaza kujiumiza, hilo limevuka mambo ya masomo. Nenda kwa mganga wa hospitali. Hapa mjini kuna kituo cha Joseph Guislain kinachotibu magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu, na kwenda huko si laana wala si aibu ya ukoo.

Kwa wengine wote, nawaombeni mfanye hivi mwezi wa kwanza. Tafuta wenzako wawili wa mwaka wako na mmoja aliyewatangulia. Chagueni siku moja ya wiki na mahali penye kivuli au penye umeme. Kila mtu alete ukurasa mmoja aliouandika, hata kama haujakaa sawa, na swali moja ambalo hana jibu lake. Ukurasa usomwe kwa sauti, kisha wenzake waseme wapi hawakuelewa, basi, bila kusifu na bila kuponda. Aliyewatangulia asifanywe mwalimu, naye alete ukurasa wake. Na profesa anayekuongoza umpelekee kurasa hizo zikiwa bado mbichi, akiwa na muda wa kukurekebisha, kabla hujatumia mvua nzima ya msimu kupima jambo ambalo angekuonyesha kwa dakika kumi.