Jibu: Chaja na pasi ya kwenda nayo Marekani

Dada, umeuliza kama adapta peke yake inatosha kwa simu, laptopu na pasi ukienda Marekani. Simu na laptopu, ndiyo. Geuza chaja usome yale maandishi madogo: ikiwa 100-240V, umeme wa kule wa volti 120 hauisumbui. Adapta hubadilisha miguu ya plagi tu, volti haigusi.

Pasi yetu ya volti 230 sasa! Kule itapata kama robo tu ya nguvu yake. Utapiga nguo hadi uchoke na mikunjo ipo palepale. Transfoma ya kuiendesha ni nzito kuliko pasi yenyewe. Iache, ukanunue huko. Ila usirudi nayo Dar, ukiichomeka tu itaungua.