Mwanangu, kuhusu hiyo geji

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona. Unauliza mshale wa mafuta wa ile Peugeot 504 ukiganda kwenye robo, tanki linakuwa limebaki na lita ngapi, maana Jumamosi unatoka nayo Iringa kuja huku Mbeya. Lita mimi sijui, muulize baba yako, yeye ndo alikuwa anazijua kwa imani. Ninachojua mimi ni kwamba ukifika Makambako unajaza.

Dada yako atakuwa ameshakusimulia ya Inyala, siku ile gari ilipotuzimikia njiani, ila hajui kitu, alikuwa amelala. Tunapita Makambako mshale uko robo, namwambia baba yenu tujaze, anasema hii inatufikisha nyumbani na nyingine inabaki. Tunateremka Igawa, robo. Chimala, robo. Igurusi bado robo, nikajisemea hivi hii gari inakunywa nini, upepo? Basi tumeanza kupanda Inyala ikakohoa kidogo ikazima, mwezi wa sita, giza linaingia, na baridi ya kule unaijua.

Baba yako akachukua dumu la mafuta ya kula akadandia lori la Tunduma kwenda Uyole, mimi na watoto tukabaki tunatetemeka humo ndani mpaka mama mmoja wa pale akatuletea blanketi, nilisema ndaga, yaani asante, mpaka nikachoka. Sasa yule bwana anarudi usiku, petroli anayo sawa, ila ananukia mishkaki. Mishkaki! Mpaka leo anasema alikula kijiti kimoja tu wakati anatafuta lori la kumrudisha. Inawezekana, siku nyingine namuonea huruma, na yeye alikuwa na njaa na kasimama barabarani kwenye baridi ile ile. Lakini si angefunga hata viwili kwenye gazeti, jamani? Halafu hapo bado afungue boneti amimine petroli kidogo kwenye kabureta ndo iwake, maana pampu ilikuwa imeshakauka.

Fundi umeme alishatuambia, boya la ndani ya tanki limekwama kwa kutu, ndo maana mshale hausogei. Na ukiacha tanki likauke, ile kutu ya chini inavutwa mpaka kwenye filta, ukishajaza bado unasumbuka. Kwa hiyo jaza ful tenki, andika kilomita kwenye daftari, mshale usiutazame kabisa. Makambako unajaza hata kama unaona yapo.

Kama uibadilishe hiyo geji au uiache, mimi sisemi. Baba yako anaipenda gari ilivyo, na amekupa wewe, hajanipa mimi. Ingekuwa yangu ingekuwa kwa fundi tangu zamani, lakini sisemi.

Jumamosi nitumie picha ya risiti ya sheli.

Mama yako