Maswali na majibu: maliasili ni za nani?

Madini yaliyo chini ya shamba langu ni yangu au ya Serikali? (Msomaji, Geita)

Si yako peke yako. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2017 inatamka kwamba maliasili ni mali ya wananchi, na Rais anazishika kwa dhamana kwa niaba yao. Wewe una haki ya ardhi, na fidia yake mchimbaji akipewa eneo lako.

Ikiwa mali ni yetu, kwa nini tumlipe mwekezaji aliyefutiwa leseni? (Msomaji, Lindi)

Kwa sababu Azimio namba 1803 la Umoja wa Mataifa la mwaka 1962, ambalo ndilo tunalolitaja kila tunapodai mamlaka ya kudumu juu ya maliasili, linasema pia kwamba mikataba iliyofungwa kwa hiari itekelezwe kwa nia njema, na kwamba utaifishaji uambatane na fidia stahiki. Leseni ya nikeli ya Ntaka Hill, wilayani Nachingwea, ilifutwa baada ya sheria ya madini kurekebishwa. Julai 2023 wasuluhishi wa kimataifa wakaamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109, na mwaka uliofuata pande mbili zikakubaliana dola milioni 90. Binafsi naona Bunge lingetusaidia zaidi kwa kuujadili mkataba kabla haujaanza kazi kuliko kusaka masharti hasi, yaani yanayoiumiza nchi, baadaye. Kenya imeliweka hilo katika Ibara ya 71 ya Katiba yake, inayotaka mikataba mikubwa ya maliasili iridhiwe na Bunge.

Je, jamii ndogo inaweza kuishinda Serikali yake? (Msomaji, Nakuru)

Imewezekana. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba kuwaondoa Waogiek, jamii ya asili ya Kenya, katika msitu wa Mau kulivunja, pamoja na vifungu vingine, Ibara ya 21 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, inayowapa watu haki juu ya maliasili zao. Mwaka 2022 ikaamuru fidia ya shilingi za Kenya 157,850,000 na wapewe hati ya pamoja ya ardhi ya mababu zao. Hati, kwa maoni yangu, ina uzito kuliko fedha.

Na eneo lisilojitawala bado? (Msomaji, Mombasa)

Tazama Sahara Magharibi, ambayo sehemu yake kubwa inashikiliwa na Morocco. Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha kubatilishwa kwa maamuzi ya Umoja huo kuhusu mikataba ya uvuvi na biashara na Morocco, kwa kuwa ridhaa ya watu wa eneo hilo haikupatikana. Kuwahoji wakazi waliopo sasa hakukutosha, maana Wasahrawi, wenyeji wake, wengi wanaishi nje ya eneo hilo, wakiwamo walio katika kambi za wakimbizi nchini Algeria.