Seva Ikikaa Kimya, Usidhani Haijapokea

Msimu mmoja wa mavuno nilitengeneza programu ya simu kwa mnunuzi wa mahindi pale Kibaigwa, wilayani Kongwa. Karani anasimama kando ya mizani, anaandika jina la mkulima na idadi ya magunia, anabonyeza "Tuma", taarifa inakwenda kwenye seva. Nyumbani kwangu Dodoma mjini, kwenye Wi-Fi, ilikwenda vizuri kabisa.

Siku ya tatu mnunuzi akanipigia. "Mwanangu, huyu mzee kaleta magunia 40. Hapa naona 120. Nimlipe yapi?"

Nikapanda basi kwenda kujionea. Mtandao ulikuwa unakuja na kukata. Karani akibonyeza, kiduara kinazunguka, baada ya sekunde 10 inatokea "Imeshindikana". Basi anabonyeza tena, na tena. Kumbe ombi la kwanza lilishafika na seva ilishaandika. Kilichopotea njiani ni jibu. Sekunde 10 hizo sikuziweka mimi, ndizo OkHttp, zana niliyotumia kutuma maombi mtandaoni, inazokuja nazo usipozibadilisha. Nilijaribu kuzifanya 60. Karani akawa anakodolea kioo huku foleni ya wakulima ikirefuka.

Muda wa kusubiri ukiisha, hujaambiwa kwamba kazi haikufanyika. Hujui, basi. Ombi la GET rudia hata mara ishirini, linasoma tu. POST inaandika, na kila ukirudia unamwongezea mtu magunia.

Kilichonisaidia ni kuipa kila taarifa namba yake ya pekee, UUID, inayotengenezwa na simu yenyewe kabla ya kutuma chochote. Ikirudiwa, inakwenda na namba ileile. Seva ikikuta namba hiyo ipo tayari, inarudisha jibu la mwanzo bila kuandika upya. Na "Tuma" sasa inahifadhi kwanza ndani ya simu. WorkManager, zana ya Android ya kuendesha kazi zinazosubiri, inapeleka mtandao ukirudi. Karani anasoma "Imehifadhiwa", baadaye "Imefika". Usiyachanganye maneno hayo mawili, kuna malipo ya mtu hapo. Seva ikijibu 400, usirudie: taarifa yenyewe ina kasoro, mwonyeshe karani airekebishe.

Kabla hujampa mtu programu yako, bonyeza "Tuma" halafu washa hali ya ndegeni papo hapo. Izime, subiri itume tena, kisha fungua hifadhidata uhesabu mistari. Rudia mara kumi. Ukikuta mistari miwili ya mzigo mmoja, hata mara moja tu, bado haijafaa kwenda kwenye mizani.