Kuanzia Mtwara hadi uprofesa wa meno

Dogo, umeuliza kama unaweza kuanzia chuo cha Stella Maris hapo Mtwara ili uwe profesa wa meno. Hapana, hawafundishi udaktari wa meno. Soma PCB (fizikia, kemia na biolojia) sekondari, kisha DDS (shahada ya udaktari wa meno) chuo kikuu cha Muhimbili (MUHAS) miaka 5, mafunzo kwa vitendo mwaka 1, halafu uzamili na PhD. Chuoni unapanda kutoka mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, ndipo profesa. Kinachopandisha ni machapisho, siyo wingi wa meno uliyong'oa hospitali ya Ligula. Wengi hukwama hapo kwenye utafiti: wanakagua meno ya watoto wa miaka 12 (umri ambao WHO hutumia kulinganisha hali ya meno kati ya nchi) bila kibali cha maadili, au wakaguzi wawili hawakupimwa kwanza kama wanaliona tobo lilelile. Jarida la kitaaluma likigundua, kazi yote inakataliwa.